Tanzia ya Mzee Kiberiti

Mama Tanzia alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi pale gazetini, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelijua jina lake. Yeye ndiye aliyeandika ukurasa wa kumi na nne, ukurasa wa vifo. Ukifiwa, unampigia simu. Anakupa pole, anakuuliza marehemu alizaliwa lini, alifanya kazi gani, ameacha nani, anazikwa saa ngapi. Kesho yake asubuhi mtu wako yuko gazetini, picha juu, maneno chini, amekaa vizuri kuliko alivyowahi kukaa akiwa hai. Ila jina la mwandishi haliwekwi kwenye tanzia. Ndiyo kawaida ya magazeti, na kawaida hiyo ilikuwa imeanza kumchoma.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Thubutu! Kicheko chake kilisikika mpaka stoo ya karatasi. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: filamu za wachawi wa Mji wa Ukungu. Zote tano alikuwa amezitazama na binti yake, wamejibana kwenye kochi lililobonyea katikati, wanagombania blanketi. Binti alikuwa na miaka kumi na sita na alizijua koo zote za wachawi, nani ameoa kwa nani, fimbo ya nani imechongwa kwa mti gani. Mama mtu hayo yalimpita. Mapenzi yake yalikuwa kwa kizee mmoja wa pembeni, mwasha taa wa mji, ambaye watazamaji walimwita Mzee Kiberiti kwa sababu uchawi wote aliojaliwa ulikuwa ni huo mmoja tu, kuwasha taa kwa ncha ya kidole. Wenzake wanahamisha milima, yeye anawasha taa. Wakubwa wa mji walimcheka filamu tano mfululizo, na Mama Tanzia aliwatukana filamu tano mfululizo.

Sasa Alhamisi moja asubuhi mhariri mkuu, ambaye wote walimwita Bosi, akatoka ofisini kwake amevimba. Mhakiki wa filamu, yule mwenye shingo ndefu na miwani ya jua mpaka ndani ya lifti, alikuwa amehamia gazeti jingine na kuaga kwa ujumbe wa simu wa maneno manne. Filamu ya sita ya wachawi ilikuwa inaonyeshwa kwa waandishi saa nne, ukumbi ulio nyuma ya posta, na wananchi wangeiona kuanzia Jumamosi.

"Nani humu anawajua hawa wachawi?" Bosi akauliza.

Dawati la michezo wakatazamana. Dawati la siasa likajifanya linapiga simu. Mama Tanzia akanyanyua mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza anayetaka kwenda nje.

"Wewe?" Bosi akasema. "Wewe si wa vifo?"

"Bosi, ninawajua. Niulize lolote."

Bosi hakuuliza lolote, maana hakuwa na la kuuliza. Akamwambia hivi, na watu wote wakasikia: maneno mia tano kabla ya saa kumi jioni. Akiandika vizuri, ukurasa wa filamu ni wake kila Ijumaa, na jina lake litakaa juu kwa herufi nene. Akiharibu, ukurasa unafutwa, nafasi inapewa matangazo, kwani wale wa matangazo walikuwa wanaumezea mate siku nyingi. "Na jambo moja," akaongeza. "Ukumbi unataka waandishi waweke saini. Ni marufuku kusema nani anakufa."

"Kwani kuna anayekufa?" Mama Tanzia akauliza, na moyo ukampasuka pa!

Alimpigia binti yake simu akiwa kwenye ngazi, anashuka mbili mbili. Binti alipiga yowe shuleni mpaka akanyang'anywa simu, lakini kabla ya kunyang'anywa aliwahi kusema, "Mama, nakuomba, nakupigia magoti, usiniambie kitu. Hata kwa macho usiniambie. Mimi naiona Jumamosi."

"Mdomo nimeushona," mama akaapa.

Jamani, hiyo filamu! Mama Tanzia alikaa safu ya tatu, daftari mapajani, simu ameizima kama alivyoagizwa, na kwa nusu saa ya kwanza aliandika kwa bidii. Baadaye daftari likaanguka, na asijue limeangukia wapi. Giza lilikuwa limeuvamia Mji wa Ukungu. Giza lenyewe si la mchezo, linaingia chini ya milango kama maji machafu. Wachawi wakubwa wakatoa fimbo zao, fimbo zikakataa. Aliyehamisha milima hakuweza kuwasha hata mshumaa. Ndipo kwenye kona ya skrini, kule kwenye kona anakowekwa siku zote, Mzee Kiberiti akakunja mikono ya kanzu yake iliyochakaa.

"Haya baba!" Mama Tanzia akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Mzee akawasha mtaa wa kwanza kwa kidole gumba, na gumba likazimika, likabaki jeusi. Akawasha mtaa wa pili. Kidole cha pili kikaenda. Mama Tanzia akaanza kuhesabu, na alipofika cha tano alikuwa amemshika mkono jirani yake, mhakiki wa gazeti la washindani, mwanaume mkubwa tu na ndevu zake, na yule mwanaume naye amemshika kweli kweli. Cha nane, cha tisa. Mji mzima unawaka, watu wanashangilia madirishani, na mzee bado ana kidole kimoja. Angeweza kurudi nyumbani na kidole chake. Akaona dirisha moja lina giza, akachungulia, akamkuta msichana mdogo amejikunyata chini ya kitanda.

Mama Tanzia alitoka pale macho yamevimba, mwili unamtetemeka kwa furaha. Ndiyo, furaha! Miaka yote ile wakimcheka mzee wa watu, na leo amewaonyesha! Alitembea haraka, akikaribia kukimbia, akiongea peke yake, akipisha magari vibaya na kutukanwa na madereva asisikie. Alifika ofisini, akakaa, hakuvua hata mkoba begani, akaandika. Hakusimama kufikiri neno hata mara moja. Vidole vilikuwa vinajua njia. Ndani ya dakika arobaini alikuwa amemaliza, akahifadhi, akatuma, akacheka peke yake, akaenda zake nyumbani kupika, na binti aliporudi akamzunguka jikoni, "Nzuri? Nipe alama tu! Nzuri?" akabana midomo na kuzunguka na mwiko kama bibi harusi.

Kesho yake asubuhi binti ndiye aliyeleta gazeti. Alilifungua mezani kwa mikono miwili, akafunua mpaka ukurasa wa filamu.

"Mama. Hapa pana magodoro."

Kweli kulikuwa na magodoro. Ukurasa mzima, godoro la futi sita kwa sita na mwanamke amelilalia anacheka. Uhakiki hakuna. Jina hakuna. Mama Tanzia akaligeuza gazeti, akaligeuza tena.

"Hawakuupenda," akasema.

"Hawana akili," binti akasema, akamkumbatia, akachukua begi na kwenda shule, maana kengele haimsubiri mtu.

Mama Tanzia akabaki na gazeti. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, akafungua ukurasa wa kumi na nne ili aone watu wake wamekaaje. Juu kushoto alikuwepo mhasibu mstaafu. Chini kulia alikuwepo bibi wa wajukuu arobaini na mmoja. Na katikati yao, chini ya picha ya mshumaa ambayo hupewa marehemu wasio na picha, palikuwa pameandikwa, pamoja na mengine mengi:

"Mzee Kiberiti, mwasha taa wa Mji wa Ukungu, hatunaye tena. Amefariki akiwa kazini. Hakujua ufundi mwingine ila huo mmoja wa kuwasha, na wakubwa wa kazi walimcheka kwa hilo mpaka siku walipokosa mwanga. Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha taa elfu kumi, na zote zinawaka. Vidole vyake vilizimika kimoja baada ya kingine, na cha mwisho alimwashia mtoto aliyeogopa giza, ambaye hakumjua. Wanaomdharau mtu wa kazi ndogo wamesikia."

Yalaaa! Mama Tanzia akaketi chini, sakafuni, si kwenye kiti. Lile joto la furaha ya jana lilimfichia alichokuwa anakiandika. Alikuwa ameandika tanzia! Alikuwa ameiweka kwenye folda ya tanzia, akaipa namba ya tanzia, kama alivyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa. Tena, Mungu wangu, alikuwa amesema nani anakufa.

Ofisini alipokelewa na simu. Zilikuwa zinalia zote. Msanifu kurasa, mzee wanayemwita Gundi kwa vile alianza kazi enzi za kubandika maneno kwa gundi, alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Gundi, wewe hukuisoma?"

"Mimi nisome tanzia?" Gundi akapangusa machozi. "Nilishakwambia, nikizisoma zote nitalia mpaka nistaafu. Mimi napima urefu, namimina. Uhakiki nimeusubiri mpaka saa kumi na moja, nakupigia simu imezimwa. Ukurasa hautoki mtupu, mama. Nikaweka magodoro."

Simu ilikuwa bado imezimwa mkobani tangu ukumbini. Mama Tanzia aliitoa, akaitazama, akairudisha.

Wasomaji walikuwa wanataka kujua msiba uko wapi. Bibi mmoja alikuwa tayari amepika. Mwanaume mmoja alidai marehemu alimwazima ngazi. Na kubwa kuliko yote, Chama cha Mafundi Umeme Wastaafu kilikuwa kimepiga mara tano, mwenyekiti mwenyewe, sauti imekauka kwa hasira: mwenzao amekufa kazini, ameacha taa elfu kumi, na wao wanajulishwa na gazeti? Alifanya kazi kituo gani? Kwa nini hakuna aliyewaambia?

Bosi alimwita ndani na hakufunga mlango, makusudi, ili kila mtu apate fungu lake.

"Meneja wa ukumbi ananitishia mahakama! Umeweka saini kwamba hutasema, umesema!"

"Nimesema, Bosi."

"Tena umesema kwenye ukurasa wa vifo!"

"Vijana hawausomi ule ukurasa," Mama Tanzia akajitetea, na hapo alikuwa amesema kweli. Wapenzi wa filamu ile hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshtuka. Waliolia ni wazee.

"Usinichekeshe! Nilikupa nafasi moja. Ukurasa kuanzia Ijumaa ijayo ni wa magodoro. Wewe rudi kwa marehemu wako. Na uandike masahihisho yatoke kesho, mafupi, bila madoido!"

Alirudi kwenye dawati lake, akajikaza kisabuni asilie mbele za watu. Kilichomuuma si kutukanwa. Ile ndiyo kazi bora aliyowahi kuiandika maishani, aliijua kabisa, na hakuna atakayejua ni yake. Akaandika masahihisho kwa hasira, na hasira yenyewe ikaandika kwa utaratibu wa miaka kumi na tisa, ambao unadai saa na mahali:

"Mzee Kiberiti, ambaye habari za kifo chake tulizitoa jana, ni mtu wa kwenye filamu. Hajawahi kuishi, kwa hiyo hakuna msiba nyumbani. Atafariki tena leo saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, na kesho saa nane, katika ukumbi wa sinema nyuma ya posta. Waliokwisha kujiandaa kwa safari tunawaomba radhi. Wote mnakaribishwa."

Gundi akapima urefu, akamimina.

Jumamosi mchana Mama Tanzia na binti yake walifika ukumbini robo saa mapema. Binti alikuwa hakanyagi chini kwa furaha, amevaa kofia ya ukoo anaoupenda. Mama alikuwa hajamwambia kitu. Alipanga kumwambia baada ya filamu, au mwezi ujao, au akishaolewa.

Foleni ilizunguka jengo. Nusu yake ilikuwa vijana wenye makofia na fimbo za plastiki, wanapiga kelele. Nusu nyingine ilikuwa wazee. Wazee! Wamevaa suti zao za misibani, bibi zao wamejitanda khanga nyeusi, wengine na mikongojo, wengi na gazeti limekunjwa kwapani. Mbele yao kabisa walisimama wanaume kumi na wawili wenye makoti ya kazi ya rangi ya machungwa, yamefuliwa na kupigwa pasi.

"Mama, hawa ni nani?" binti akauliza.

Mama Tanzia akajifanya anatafuta kitu mkobani. Na kabla hajapata uongo wa kumpa, mzee mmoja wa makoti akawageukia kwa adabu zote. "Mwanangu, na ninyi mmekuja kumuaga Mzee Kiberiti?"

Binti akageuka. Alimtazama yule mzee, akalitazama gazeti kwapani mwake, ukurasa wa kumi na nne nje. Halafu akamtazama mama yake.

"Anakufa?" akasema taratibu. "Mama? Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mwanangu, sikukusudia, joto la..."

"Nilikuomba kitu kimoja."

Ndani walikaa safu moja, binti akaacha kiti kimoja tupu katikati yao na kukiwekea kofia. Mama Tanzia alitazama filamu nzima kwa jicho moja, lile jingine liko kwa mwanawe, ambaye alikaa mgongo wima, mikono amefunga kifuani, uso kama mlango uliopigwa kufuli.

Giza likaingia mjini. Fimbo zikakataa. Mzee akakunja mikono ya kanzu. Vijana wakaanza kushangilia, lakini wazee walikuwa kimya, wanajua wanakoelekea. Kilipozimika kidole cha kwanza, mtu mmoja katika makoti ya machungwa akasema "Moja," kwa sauti ya kazi, kama anayehesabu nguzo. Cha pili wakasema watatu. Cha nne walikuwa kumi na wawili, na bibi zao pia, na cha sita vijana wakawa wamedaka, ukumbi mzima unahesabu, kuta zinatetemeka. Saba! Nane! Tisa!

Kikabaki kimoja, na ukumbi ukanyamaza.

Mzee Kiberiti akachungulia dirishani, akamwashia mtoto taa.

Mwenyekiti wa mafundi umeme akainuka. Alivua kofia yake, akaiweka kifuani. Wenzake wakainuka. Viti vya ukumbi ule ni vya kujikunja, ukiinuka kinapiga tap, na hizo tap, tap, tap zikaanza safu ya mbele zikarudi nyuma. Kijana mmoja akapiga kelele, "Kaeni, hatuoni!" kisha naye akainuka. Bibi mwenye mkongojo akainuliwa na wasichana wawili wasiomjua. Watu mia nne walisimama wima gizani, wamemsimamia mtu ambaye hajawahi kuishi, na Mama Tanzia alisimama nao huku machozi yanamdondokea kwenye blauzi. Aliposikia tap ya pembeni yake hakuthubutu kugeuka. Kofia ikaondolewa kwenye kile kiti. Mkono wa binti ukaingia ndani ya mkono wake, umelowa.

"Mama," binti akanong'ona, "ningekuwa sijui, ningekuwa nalia tu. Sasa nimelia nikiwa nimesimama."

Nje kwenye baraza watu hawakuondoka. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, vijana wanawaeleza wazee koo za wachawi, wazee wanawaeleza vijana jinsi ya kupanda nguzo mvua ikinyesha. Meneja wa ukumbi, yuleyule wa mahakama, alikuwa anaongeza viti kwa onyesho la jioni na jasho linamtiririka. Na pembeni ya mlango alisimama Bosi. Alikuwa amekuja kuona aibu kwa macho yake. Sasa macho yenyewe yalikuwa mekundu.

Mwenyekiti wa mafundi umeme akamwendea moja kwa moja, gazeti mkononi.

"Wewe ndiye mkubwa wa hili gazeti? Mimi nimewasha taa za watu miaka thelathini na nne. Hakuna aliyewahi kuniandika, wala sikutegemea. Hii hapa," akaigonga tanzia kwa kidole, "nimemsomea mke wangu mara tatu. Nataka kumpa mkono aliyeiandika. Nimetafuta jina chini, halipo."

Bosi akakohoa. "Unajua, gazeti letu lina utaratibu wa..."

Mama Tanzia akanyanyua mkono nusu, akaushusha. Ndipo binti yake akapanda juu ya kiti cha meneja, katikati ya baraza, akaweka mikono mdomoni na kulitaja jina la mama yake kwa sauti yake yote, majina yote matatu, kama yanavyosomwa siku ya mahafali.

Watu wakageuka. Makoti ya machungwa yakaanza kupiga makofi, wengine wakadaka. Bosi akampisha mwenyekiti apite kumpa Mama Tanzia mkono, kisha akajipapasa mfukoni, akatoa kalamu na kipande cha tiketi.

"Rudia polepole," akamwambia binti. "Ijumaa linakaa juu ya ukurasa wa filamu, nisije nikalikosea."